Nilivyoweza kutengeneza kokteli za kiangazi kwa kuanzia kule zilikotoka

Mwanzoni nilikuwa nakariri tu vipimo, hiki mililita kadhaa kile kijiko kimoja, na siku mbili mbele vyote vimeshachanganyika kichwani. Kilichonisaidia ni kuanza kujiuliza hiki kinywaji kimetoka wapi na watu wa huko wanalima nini, na hapo ndo mambo yakakaa sawa, maana nyingi ya hizi zinazokata joto zimetoka kwenye nchi za miwa, kwa hiyo msingi ni uleule: pombe ya miwa, ndimu, sukari na barafu.

Nilianza na daiquiri ya Cuba. Daiquirí ni sehemu iliyo karibu na Santiago de Cuba, kulikuwa na migodi ya chuma huko, na inasemekana aliyeianzisha ni injinia Mmarekani Jennings Cox mwishoni mwa karne ya 19. Ramu nyeupe mililita 60, juisi ya ndimu 25, sirapu ya sukari 20, unatikisa na barafu kwa nguvu mpaka chombo kinagandisha mkono, unachuja, basi. Ukiiweza hii umeshaweza nusu ya kazi, kwa sababu mojito nayo ni ya Cuba na ni ndugu yake kabisa, unaongeza tu mnanaa na maji ya soda. Ila mnanaa usiutwange jamani! Majani yabonyeze taratibu tu yatoe harufu, ukiyasaga yanaleta uchungu.

Caipirinha ya Brazil ndo naipenda kuliko zote. Wenyewe wanatumia cachaça, ambayo inatokana na maji ya miwa mabichi, wakati ramu nyingi zinatokana na molasi (ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishatengenezwa), ndo maana ina ladha ya majani majani hivi ambayo ramu haikupi. Chukua ndimu moja, kata ncha zote mbili, ipasue, toa ule uzi mweupe wa katikati (huo ndo unaoleta uchungu), kata vipande weka kwenye glasi na sukari ya chenga vijiko viwili vya chai, halafu gandamiza na mchi. Hapa sirapu haifai, chenga za sukari zinakwaruza ganda mpaka mafuta yake yanatoka na harufu inakupata kabla hujanywa. Cachaça mililita 60, barafu ijae, koroga.

Piña colada ni ya Puerto Rico, hoteli ya Caribe Hilton kule San Juan wanasema ilizaliwa kwao 1954, na toka 1978 ndo kinywaji rasmi cha kisiwa. Ramu, juisi ya nanasi, krimu tamu ya nazi na barafu kwenye blenda, haina ugumu.

Sasa ukihamia kwenye zabibu mambo yanabadilika. Peru wana pisco, ambayo ni pombe kali ya zabibu, na kaskazini mwa Italia, upande wa Veneto, wana spritz ya Aperol. Aperol yenyewe ni likeri ya machungwa yenye uchungu kidogo, ilianza kuuzwa Padova mwaka 1919. Spritz haitikiswi kabisa, utaua povu la prosecco, ule mvinyo mweupe wa povu wa huko. Weka barafu nyingi, prosecco vipimo 3, Aperol 2, soda 1, kipande cha chungwa, koroga mara moja tu.

Asiyekunywa pombe mtengenezee mojito bila ramu, ndimu na soda zidisha kidogo, mnanaa usipunguze.