Saa ya Harry na Saa ya Sally

Kichekesho cha mapenzi kinachotegemea wakati mbaya huharibikia kwenye kalenda, kabla hata mazungumzo hayajaandikwa. Waandishi wengi huanza na watu wawili wanaofaana, kisha wanatafuta cha kuwatenganisha: barua iliyopotea, basi lililoondoka, simu iliyopokewa na asiyehusika. Vitu hivyo vinabeba hadithi dakika kumi tu. Zikipita hizo, mtazamaji anajiuliza kwa nini hawa wasikae chini wakaongea yakaisha. Na zama hizi za WhatsApp hata dakika kumi ni nyingi, maana ujumbe uliokosekana unafidiwa kwa sauti ya sekunde chache.

Ndiyo maana narudi kila mara kwenye When Harry Met Sally, filamu ya 1989 iliyoandikwa na Nora Ephron na kuongozwa na Rob Reiner. Humo hamna barua iliyopotea. Hamna mzazi anayekataa posa, hamna hasimu wala mgonjwa mahututi. Kuna watu wawili, kila mmoja na saa yake, na saa hizo zinakataa kwenda sawa kwa miaka kumi na zaidi.

Tuitazame kalenda yenyewe. Mwaka 1977 Harry na Sally wanamaliza Chuo Kikuu cha Chicago na kusafiri pamoja kwa gari hadi New York. Safari ni ya saa 18, na Sally ameshaigawa katika zamu sita za saa tatu tatu. Harry anaingia garini akiwa ametoka kumbusu Amanda, rafiki yake Sally. Miaka mitano inapita, wanakutana uwanja wa ndege: sasa ni zamu ya Sally kuwa mikononi mwa mtu, Joe, na Harry naye yuko mbioni kumwoa Helen. Mitano mingine, duka la vitabu jijini New York: Sally ameachana na Joe, Harry ameachwa na Helen. Mikutano miwili ya mwanzo inamalizwa upesi, na sehemu kubwa ya dakika 96 za filamu inabaki kwa huu wa tatu.

Kizuizi hakijirudii hata mara moja. Mara ya kwanza hawapatani tabia. Mara ya pili kila mmoja ana wake. Mara ya tatu wote wako huru, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu kwa hesabu ya kawaida hakuna kinachowazuia. Waandishi wengi wakifika hapo huleta mtu wa tatu, mara nyingi mrembo mwenye roho mbaya. Ephron anaacha maumivu yafanye kazi. Wote wawili wametoka kuumizwa, kwa hiyo kila mmoja anamhitaji mwenzake kama msikilizaji, na msikilizaji mzuri hutaki kumhatarisha kwa kumfanya mpenzi. Urafiki wao wenyewe ndio unaowachelewesha.

Kosa jingine linalonikera ni kuruka miaka bila miaka kuonekana. Maandishi yanatokea kwenye skrini, "miaka mitano baadaye", halafu watu ni walewale. Kubadilisha nywele na nguo ni lazima, lakini hakutoshi. Mtu lazima abadilike katika anachokibishania. Harry wa 1977 anashikilia kwamba mwanamume na mwanamke hawawezi kuwa marafiki kwa sababu tamaa itaingilia. Miaka kumi baadaye anakula na Sally chakula, anatembea naye, anaongea naye kwa simu usiku kila mmoja akiwa kitandani kwake. Miaka iliyopita tunaisoma kwenye umbali kati ya yale maneno na haya maisha.

Sini ninayomshauri kila anayeandika hadithi za namna hii aitazame polepole ni ile ya usiku Sally anapopata habari kwamba Joe anaoa. Anampigia Harry, Harry anakuja. Sally analia kwamba anakaribia miaka 40. Harry anauliza lini. Inabainika kwamba bado miaka minane. Kichekesho kimekaa ndani ya kilio, wala hakikipunguzi. Wanalala pamoja. Kisha kamera inatuonyesha nyuso mbili kwenye mto: Sally anatabasamu, ametulia, na Harry ametoa macho kama aliyeamka katika nyumba asiyoijua. Dakika ni hiyohiyo moja. Mmoja amefika, mwingine anatafuta mlango. Hakuna hata mstari wa mazungumzo unaoeleza hilo, na haukuhitajika.

Asubuhi yake skrini inagawanywa sehemu tatu. Harry anampigia rafiki yake Jess, Sally anampigia rafiki yake Marie, na Jess na Marie wako kitanda kimoja katikati, kila mmoja na simu yake sikioni. Wote wanne wanaongea kwa mpigo bila kukatwa na mhariri. Ni sini inayohitaji mazoezi mengi, kwani mtu mmoja akichelewa neno moja, kicheko chote kinakufa na inabidi kuanza upya.

Jess na Marie nao wana kazi kubwa ambayo wengi hawaioni. Walikutana kwenye miadi ya wanne: Harry alimleta Jess kwa ajili ya Sally, Sally akamleta Marie kwa ajili ya Harry. Marie akataja kwa sifa maneno aliyoyasoma kwenye jarida, kumbe yameandikwa na Jess aliyeketi palepale. Kabla usiku haujaisha wamepanda teksi moja. Hawa ndio kipimo cha filamu nzima. Bila wanandoa wa pembeni ambao saa zao zinakubaliana mara moja, mtazamaji hana cha kupimia ucheleweshaji wa wahusika wakuu, na anaanza kudhani kwamba katika dunia hii kila mtu ni mzito.

Siku maalumu za mwaka zinahesabu gharama ya kuchelewa. Desemba ya kwanza ya urafiki wao Harry na Sally wanakokota mti wa Krismasi pamoja. Mkesha wa Mwaka Mpya wanacheza muziki, inafika saa sita usiku, wanabusiana kwa haraka na kwa aibu, baada ya kuahidiana kwamba mwaka ujao, kama wote watakuwa bado wapweke, wataongozana. Mwaka unazunguka, wameshagombana, na Sally anaukokota mti peke yake. Harry anapiga simu kuikumbushia ahadi, naye anamjibu kwamba yeye si kifuta machozi. Mti ni uleule, ahadi ni ileile, na kila kimoja sasa kinauma. Anayeandikia Dar au Mombasa anazo siku zake za kutumia hivyo, Idi kwa mfano, au vikao vya kamati ya harusi ya mtu mwingine. La msingi ni kwamba siku ije mara mbili, na mara ya pili ikute pengo.

Katikati ya sehemu hizi filamu inawaleta wazee wawili wawili kwenye kochi wakisimulia walivyokutana. Ni waigizaji, lakini hadithi zilikusanywa kwa watu halisi. Kuna waliozaliwa hospitali moja, wakakulia mitaa ya jirani, wasionane hadi miaka mingi baadaye ndani ya lifti huko Chicago, na bwana akapanda ghorofa tisa zaidi ili tu aendelee kuongea na bibie. Wengine walioana, wakaachana, bwana akaoa kwingine, kisha wakakutana msibani na kuoana upya. Sehemu hizi fupi ndizo zinazompa mtazamaji subira.

Mwanzoni Reiner na Ephron walikusudia Harry na Sally wasioane. Reiner alikuwa ametalikiwa na kukaa miaka mingi bila mwenzi. Wakati wa upigaji picha akakutana na Michele Singer, ambaye alikuja kuwa mkewe, na mwisho ukabadilishwa. Badiliko la namna hiyo kwa kawaida linaacha mshono. Hapa halikuacha, kwa sababu Harry akifika kwenye sherehe ya mkesha akiwa ametweta, Sally anatamka pingamizi letu kabla yetu: huwezi kuja tu usiku wa Mwaka Mpya ukasema unanipenda, ukadhani mambo yamekwisha. Ndipo Harry anapotaja vitu vidogo, mmoja baada ya mwingine: anavyohisi baridi nje kukiwa na joto la nyuzi kama 22, anavyochukua saa nzima na nusu kuagiza sandwichi, kile kikunjo juu ya pua anapomwona Harry kama mwehu. Mengi ya hayo yangemkera Harry wa 1977. Anaongeza kwamba hakuja kwa sababu ya upweke, wala kwa sababu ya mkesha. Mwandishi akilikwepa pingamizi hilo, mbio za mwisho zinabaki mbio tu, hata muziki uwe mtamu namna gani.