Magari ya maboksi yaliyokataa kwenda

Gredi ya Tano hapa Kisumu waliunda magari ya maboksi ya maziwa kwenye Sayansi na Teknolojia. Yalipendeza kweli, ila ukiyasukuma yanaburuzika tu.

Tatizo lilikuwa ekseli, yaani kijiti kinachoshika magurudumu. Kijiti cha mshikaki kilichomekwa moja kwa moja kwenye boksi, likakibana, na gundi ikamalizia kazi. Nikawaambia wakate mrija wa soda, waubandike chini ya gari kwa selotepu, kijiti kipite ndani. Mrija utulie, kijiti kizunguke pamoja na magurudumu. Mrija utokeze kidogo kila upande, la sivyo gurudumu litasugua boksi.

Bado mengine yalipepesuka: tundu la kifuniko cha chupa, ambacho ndicho gurudumu, halikuwa katikati. Hapo hesabu ikaingia, na mimi ndipo ninapofurahia somo hili. Chora duara la kifuniko kwenye karatasi, likate, likunje nusu, kisha nusu tena. Mikunjo inapokatana ndiyo katikati. Toboa kwa msumari wa moto (kazi ya mwalimu, si ya mtoto). Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji vinatoboka vizuri kuliko vya bati.

Gari likipinda upande mmoja, angalia kama mirija iko sambamba.