Kushuka Georgia Avenue kumfuata Lincoln

Shemeji alinikuta nafunga kamba za viatu Jumamosi asubuhi, akauliza naenda wapi. Nikamwambia naenda mjini kwa Lincoln, yaani Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

"Gari lipo hapo nje, na wewe unapanda basi?"

Nilitaka kwenda taratibu. Kutoka Silver Spring, Maryland, tunakoishi, Georgia Avenue inashuka moja kwa moja hadi Washington. Ndiyo njia waliyopita wanajeshi wa Kusini, yaani wa majimbo yaliyoasi, Julai 1864 walipokuja kuuvamia mji mkuu. Jenerali wao, Jubal Early, aliweka makao yake hapa hapa Silver Spring, katika nyumba ya mzee Francis Blair. Alikuwa na jenerali mwenzake, John Breckinridge, ambaye hadi Machi 1861 alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, na ambaye Lincoln alimshinda katika uchaguzi wa 1860. Vita vya wenyewe kwa wenyewe ndivyo vilivyo: anayekuja kukushambulia anaujua hadi mlango wa ofisi yako.

Nilishuka kwanza makaburini. Ni mahali padogo kiasi kwamba nimepapita kwa gari mara nyingi bila kupaona. Mawe meupe yamezunguka mlingoti wa bendera. Chini yake wamelala askari 40 wa serikali waliouawa katika mapigano hayo ya siku mbili, tarehe 11 na 12. Kutoka nyumba ya jirani ilikuwa inakuja harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Mwendo mfupi kwa miguu kuelekea kusini ndipo ilipo ngome yenyewe, Fort Stevens: tuta la udongo lenye nyasi, mizinga, na kanisa kando yake. Juu ya tuta kuna jiwe linaloonyesha aliposimama Lincoln. Alikuja siku zote mbili. Tarehe 12 alipanda ukingoni kutazama mapigano, mtu mrefu kuliko wote pale na kofia yake ndefu juu, wadunguaji wa Kusini wakiwa mbele yake. Daktari wa jeshi aliyesimama karibu naye akapigwa risasi. Jenerali Wright wa jeshi la serikali ilibidi ambembeleze ashuke.

Watu husimulia kisa hiki kwa kusifu ushujaa. Mimi nilisimama pale jua likinichoma utosi nikaona ni uzembe. Rais akifia ukutani mwaka wa nne wa vita, nani anafaidika? Bahati yake vikosi vya Grant, jenerali mkuu wa serikali, vilikuwa vimewasili kwa meli kutoka Virginia, na usiku ule Early akageuza.

Kilichonikalia moyoni zaidi ni ardhi ya ngome ile. Ilikuwa ya Elizabeth Thomas, mwanamke mweusi huru. Mwaka 1861 askari wa serikali walimbomolea nyumba ili wajenge ngome. Uzeeni alisimulia kwamba jioni ile, akilia chini ya mti na mtoto mchanga mikononi, alijiwa na mtu mrefu aliyevaa nguo nyeusi, akamwambia ni vigumu lakini atavuna thawabu kubwa. Aliamini ni Lincoln. Kama ni kweli, yalikuwa maneno mazuri ya kumwambia mtu ambaye hana pa kulala.

Nikapanda basi tena hadi mtaa wa Petworth, kisha nikatembea kama robo saa hadi nyumba ya mapumziko ya Lincoln, ndani ya eneo la makazi ya askari wazee. Jina lake la Kiingereza, President Lincoln's Cottage, linakufanya utegemee kibanda; ni jumba la vyumba zaidi ya 30, na ndani hamna vitu vingi. Familia ilihamia huku mara ya kwanza Juni 1862, miezi michache baada ya kufiwa na mtoto wao Willie. Lakini hapakuwa mahali pa kuikimbia vita. Makaburi ya wanajeshi yalikuwa jirani tu, yakizidi kujaa, na kila asubuhi Lincoln alipanda farasi kama kilomita tano kwenda Ikulu. Humu ndimo alimoishughulikia rasimu ya tangazo la kuwaachia huru watumwa. Sisi wa Maryland halikutuhusu: liligusa majimbo yaliyoasi tu. Huku utumwa ulikoma Novemba 1864, kwa katiba ya jimbo lenyewe.

Nilikaa sana kwenye chumba kimoja nikiuwaza mwezi wa Agosti mwaka huo. Mtu huyuhuyu aliruhusu watu wafungwe bila kufikishwa mahakamani, na sitamtetea kwa hilo. Ila tarehe 23 aliandika kwenye karatasi kwamba yaelekea atashindwa uchaguzi, na kwamba atashirikiana na mshindi kuiokoa nchi kabla ya kumkabidhi madaraka. Akaikunja, akawapa mawaziri waisaini nyuma bila kuisoma. Uchaguzi haukuahirishwa. Mpinzani wake alikuwa McClellan, jenerali aliyemwondoa kwenye uongozi wa jeshi mwaka 1862. Septemba Atlanta, mji wa Kusini, ukaanguka mikononi mwa jeshi la serikali, na Novemba Lincoln akashinda.

Basi la kurudi lilijaa, nikasimama. Tulipokaribia Quackenbos Street, penye ile ngome, niliinama dirishani upande wa kushoto kukitafuta kiwanja cha Bi. Elizabeth. Nyumba zilikuwa zimekiziba.