Mwezi wa tatu na lori la jeshi

Ni mwezi wa tatu tangu ninunue Bedford kuukuu iliyostaafishwa jeshini, lori langu la kwanza maishani. Umeme wake ni wa volti 24, kutokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo, jambo ambalo sikulizingatia nilipotia balbu ya volti 12, ikang'aa mara moja kwa mwanga mweupe kisha ikaungua. Kila jioni hufungua koki iliyo chini ya tangi la hewa ya breki na kutazama maji ya rangi ya chai yakichuruzika, kwani unyevu wa Malindi hujikusanya humo na kula chuma. Chasisi naiosha kwa maji ya mvua (ya kisima chetu yana chumvi), kisha naipaka grisi kwa mkono. Nalipenda mno lori hili.