Jinsi nilivyopata nati za masikio zinazodumu kwenye MGB

MGB yangu ya 1967, gari dogo la michezo la Kiingereza, ina rimu za spoku, zile zinazokazwa kwa nati moja ya kati yenye masikio, yaani mabawa yanayogongwa kwa nyundo ili kuikaza au kuilegeza. Kila nikizigonga masikio yalipinda na kromu ikabanduka kama maganda. Zilikuwa za zinki. Nikatafuta za shaba njano, nzito, zenye masikio manene shinani. Bei imechangamka, ila ukiishika unaelewa.

Kabla ya kulipa nilihesabu uzi wa habu (mizunguko ya skrubu kwenye kitovu cha gurudumu): kuna wa nyuzi 8 kwa inchi na wa 12, haziingiliani. Nati za upande wa kushoto wa gari hukazwa kawaida, kama mshale wa saa, za kulia kinyume. Nikapaka grisi, nikainua gurudumu, nikakaza kwa nyundo ya madini laini ya risasi (ya chuma marufuku!). Baada ya mwendo mfupi nikazigonga tena. Zilisogea kidogo tu.