Tarehe ya kwanza ndiyo inayokaa kwenye kadi

Mjamzito wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, akianza uchungu na hakuna anayejua mimba ina wiki ngapi, mkunga anabaki njia panda. Wiki 31 ni mtoto njiti: apelekwe hospitali ya wilaya Nansio mapema, pengine Bugando kabisa, hospitali ya rufaa Mwanza. Wiki 38 anazalia hapo hapo. Tumbo kwa macho halitoshi kuamua.

Hapo ndipo akili mnemba inaposaidia kweli. Kifaa kidogo cha altrasaundi huunganishwa na simu au tableti, na mkunga halazimiki kutafuta kichwa wala paja la mtoto kwenye picha. Anakipitisha tumboni kwa njia zilizopangwa, programu inasoma video yote na kutoa umri. Utafiti uliochapishwa 2024, uliofanyika Lusaka, Zambia, na Chapel Hill, Marekani, uliwapa kazi hiyo watu wasio na mafunzo ya altrasaundi. Kwa mimba za mtoto mmoja za wiki 14 hadi 27, programu ilikosea kwa wastani wa siku 3.2, wataalamu wenye mashine kubwa walikosea kwa siku 3.0.

Mikono ndiyo inayoharibu. Paka jeli ya kutosha kuanzia mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Pitisha kifaa kwa wima, kisha kwa mlalo, polepole, kila mpito kama sekunde 10, alama ya pembeni ikielekea upande ulioelekezwa. Jeli ikikauka katikati ya tumbo hewa inaingia na video inakuwa giza. Ukiharakisha, au ukiinamisha mkono, programu inakosa vipande ilivyovihitaji. Mimba ikiwa kubwa, usimlaze mama chali muda mrefu. Mwekee kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni kupima kwa kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linataka altrasaundi moja kabla ya wiki 24, na sababu ipo: watoto wadogo hukua karibu sawa, wakubwa hutofautiana. Baada ya wiki 28, kipimo cha ukubwa kinaweza kupotoka hata wiki tatu, programu iwe nzuri namna gani.

Kwa hiyo tarehe ya kujifungua iliyotokana na kipimo cha kwanza haibadilishwi. Tunaliona kosa hili mara nyingi: mama anapimwa wiki ya 20, anarudi wiki ya 34, kifaa kinasema 30, na mtu anafuta tarehe ya zamani. Mtoto huyo hajapungua umri. Huenda hakui, na anahitaji daktari haraka. Kwenye kadi ya kliniki andika tarehe ya kujifungua, siku ya kipimo, na wiki alizokuwa nazo siku hiyo. Wanawake wa kambi za dagaa huhama na msimu. Kadi ndiyo pekee inayohama nao.

Hedhi ya mwisho bado iulizwe. Asiyekumbuka tarehe muulize mwezi wa angani: ilikuwa wakati wa giza, wavuvi wakiwa ziwani na taa, au wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika? Jibu hilo linapunguza kubahatisha kwa wiki nzima au zaidi.

Umri sahihi ndio unaoruhusu sindano za kukomaza mapafu ya mtoto: deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12, mara nne, kati ya wiki 24 na 34, kama mama anatarajiwa kujifungua ndani ya siku saba, hana dalili za maambukizi, na mtoto njiti atapata huduma anakozaliwa.

Mapacha, programu za aina hii hazikutengenezewa. Wapeleke kwa mtaalamu. Na mama anayetokwa na damu au anayedegedega hapimwi wiki. Anza huduma ya dharura, mwenzako apige 115 kutafuta usafiri.