Hiyo 40 ni ya nani?

Asubuhi ya leo karibu yote tumeimalizia kwenye kisanduku kidogo cha bei, mimi na kijana anayejifunza kazi kwetu hapa Ngamiani, Tanga. Programu ni ya wanunuzi wa soko la samaki la Deep Sea: ukigusa jina la samaki, bei inajitokeza juu yake. Mwanzo wa orodha, sawasawa. Shuka mpaka kwenye kolekole au nguru, kisanduku kinapotea njia.

Kijana alitaka kupunguza kidogokidogo namba ya mahali pa kisanduku, iliyokuwa 40, hadi kikae. Nikamzuia. Nikamuuliza, hiyo 40 uliyoishika imehesabiwa kuanzia wapi?

Hapo ndipo penye utamu wa kazi hii. Kwenye iPhone kila kipande cha skrini kina vipimo viwili. Cha frame huhesabiwa kuanzia sifuri ya hesabu ya mzazi, yaani kipande kikubwa kilichokibeba. Cha bounds ni hesabu yake chenyewe. Orodha ikisogezwa, kinachobadilika ni chanzo cha bounds za orodha. Frame ya safu, yaani mstari mmoja wa orodha, inabaki ileile, ingawa macho yanaiona ikipanda. Mtu akikwambia "barabara ya tatu kutoka kwangu" hapa Ngamiani, huendi popote mpaka ujue yeye yuko barabara ya ngapi.

Tukaandika convert(_:to:), amri ya kuhamisha namba kutoka hesabu ya kipande kimoja kwenda ya kingine. Unaiita kwa mwenye namba, unamtajia unayempelekea. Ukimpa nil, yaani bila kutaja kipande, jibu linakuja kwa hesabu ya dirisha. Nililolisisitiza ni hili: ukishika frame, mwite mzazi, ukishika bounds, kiite kipande chenyewe. Ukiita kipande kwa frame yake, umbali wake kutoka kwa mzazi unajumlishwa mara mbili. Na safu ya kwanza itakuficha, maana umbali wake ni sifuri, na sifuri mara mbili ni sifuri. Ndiyo maana napenda tujaribu kuanzia safu ya mwisho, simu ikiwa imelazwa ubavu.

Android ina mtego wake: getLocationInWindow na getLocationOnScreen huweza kutoa majibu tofauti skrini ikigawanywa kwa programu mbili, tena kwa pikseli, si dp, kipimo kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini. Hilo tumeligusa tu.

Kijana sasa anataja jina la mwenye namba ndani ya jina la kila kigeu, yaani kila jina linaloshika namba kwenye programu, bila kuambiwa. Nimefurahi sana. Kesho ni kibodi: iOS, mfumo wa iPhone, hutoa mstatili wake kwa hesabu ya skrini, na kisehemu cha kuandikia bei kimo ndani ya orodha hiyohiyo.